Kompyuta ya Nyumbani: Kununua Iliyo Tayari au Kuiunda kwa Vipande?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wajumbe wa kamati za mikopo)



Kwa miaka mingi kamati za mikopo zilizoea maombi ya aina chache: ada ya shule, mabati, matibabu, mbolea, na baadaye pikipiki. Siku hizi yamo pia maombi ya kompyuta ya nyumbani. Mwanachama hueleza kwamba mtoto wake yuko chuo, au kwamba yeye mwenyewe anataka kuandika hesabu za duka lake. Ombi likishafika mezani huzuka swali ambalo wajumbe wengi hawakulizoea. Je, fedha itolewe kwa kununua kompyuta iliyoundwa tayari kiwandani, au kwa kununua vipande vyake kimoja kimoja na kuviunganisha nyumbani? Vijana wa vyuo vya ufundi hupendelea njia ya pili, wazee hupendelea ya kwanza, na fedha inayogombaniwa ni akiba ya wanachama wote.

Swali lenyewe si geni duniani. Mwezi wa Januari 1975 gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitangaza mashine ya Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuletewa kwa posta ikiwa vipande, naye akaketi kuviunga kwa risasi mpaka amalize. Nchini Uingereza kampuni ya Clive Sinclair ilitoa ZX81 mwaka 1981 kwa bei mbili: pauni 49.95 kwa aliyetaka kuiunga mwenyewe, na pauni 69.95 kwa aliyetaka iliyo tayari. Aliyefanya kazi kwa mikono yake aliokoa zaidi ya robo ya bei. Huku Tanzania mabishano hayo hayakuwa na nafasi, kwa sababu mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine ya hesabu za Wizara ya Fedha kuleta hasara badala ya nafuu.

Kilichobadilisha mambo ni kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981. Iliundwa kwa vipande ambavyo makampuni mengine yaliweza kuvitengeneza au kuviiga, nayo yakafanya hivyo upesi. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza ukubwa wa bodi mama, mahali pa matundu ya skrubu, na mpangilio wa waya za umeme. Tangu hapo kuunda kompyuta hakuhitaji risasi wala moto. Huhitaji bisibisi moja na jioni moja ya utulivu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba kazi ni kufunga skrubu. Kazi ni kuchagua.

Yafaa sasa kueleza habari za mwanachama mmoja, ambaye hatatajwa jina. Ni mtunza hazina wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa mkoani Kilimanjaro, na ni mwanachama wa SACCOS ya hapo hapo. Mwezi wa Septemba 2021 alileta ombi la mkopo wa kompyuta ya nyumbani. Mume wake, mwalimu mstaafu, alikuwa amekwenda mjini Moshi na kurudi na profoma ya mashine iliyo tayari. Kijana wao wa pili, mwanafunzi wa ufundi, alikuwa ameandika orodha ya vipande sita: bodi mama, prosesa, kumbukumbu ya GB 8, diski mango, kifaa cha kugawa umeme ambacho mafundi hukiita pawasaplai, na kasha la kuvitia vyote. Jumla ya orodha ya kijana ilikuwa chini ya bei ya dukani kwa karibu sehemu moja ya sita. Mama huyo aliziambatanisha karatasi zote mbili katika ombi lake, akaiachia kamati iamue. Jambo hilo lilikuwa la uaminifu, ingawa si kazi ya kamati kuwaamulia watu mambo ya nyumbani kwao.

Wadhamini wake walikuwa wawili. Mmoja, mzee wa kijiji jirani, aliitwa mbele ya kamati akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mwanangu, hivi vitu vinatoka maduka manne. Kimoja kikifa mwezi wa pili, nimwendee nani? Maana mkopo hautakufa nacho." Kijana alijibu kwamba kila kipande kina waranti yake, na vingine vina waranti ndefu kuliko mwaka mmoja unaotolewa kwa mashine ya dukani. Alisema kweli. Lakini hakuwa amejibu swali la mzee, kama itakavyoonekana.

Katibu wa kamati alizipitia karatasi zote mbili upya. Skrini na UPS, yaani betri ya akiba ya kuokoa kazi umeme ukikatika, zilihitajika kwa njia yoyote ile, kwa hiyo hazikubadilisha kitu. Bali bei ya dukani ilikuwa imejumuisha kibodi, kipanya, na leseni ya Windows. Orodha ya kijana haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, wala haikuwa na nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi. Vilipoongezwa, ile sehemu moja ya sita iliyeyuka ikawa tofauti ndogo isiyostahili ubishi. Kijana alipoulizwa kuhusu leseni alicheka kidogo, akasema rafiki zake hawainunui. Wajumbe hawakucheka. Nakala zisizo halali ndizo mlango mkubwa wa virusi, na katika nyumba ya mtunza hazina jambo hilo si la mzaha.

Hata hivyo kijana alikuwa na hoja moja ambayo haikupingika. Mashine ya dukani kwa bei ile ilikuwa na kumbukumbu ya GB 4 tu na diski ya kizamani ya kuzunguka. Yake ingekuwa na kumbukumbu maradufu, na diski mango isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, ambayo hufungua kazi kwa muda mfupi zaidi. Hapo ndipo penye faida ya kweli ya kuunda: mtu huokoa fedha kidogo au haokoi kabisa, lakini huchagua mahali pa kuiweka fedha yake. Kiwanda hupenda kuandika jina la prosesa kwa herufi kubwa na kubana matumizi palipofichika, yaani kwenye diski, kumbukumbu na pawasaplai.

Kabla ya kupitishwa, orodha hiyo ilipelekwa kwa mwalimu wa chuo chake. Mwalimu alikata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu. Prosesa iliyoandikwa ilikuwa ya Intel, na namba yake iliishia kwa herufi F. Herufi hiyo maana yake ni kwamba prosesa haina sehemu ya kuchora picha ndani yake. Bila ya kununua kadi ya picha kando, skrini itabaki giza. Ndiyo sababu huuzwa kwa bei nafuu kidogo. Tena mwaka ule wa 2021 kadi za picha zilikuwa adimu duniani kote na bei zake zilikuwa zimepanda mno, kwa sababu ya upungufu wa vipuri uliokuja na ugonjwa wa korona, na kwa sababu ya watu waliozinunua kwa wingi ili kuchimba sarafu za mtandaoni. Herufi moja ingeligharimu kaya hiyo nusu ya mkopo mwingine. Kijana alichagua prosesa ya kampuni ya AMD yenye sehemu ya picha ndani yake, iliyokuwa imetoka mwaka ule ule, na bodi mama ya namna iliyoanza kuuzwa mwaka 2018. Soketi ilikuwa moja, na kumbukumbu ilikuwa ya aina ya DDR4 kama bodi ilivyotaka. Kila mtu akaridhika.

Mkopo ulitolewa. Vipande vilinunuliwa katika maduka manne, vikafika salama, na Jumamosi moja vikaunganishwa juu ya meza ya chakula. Swichi ikabonyezwa. Feni zilizunguka, taa ikawaka, na skrini haikuonyesha kitu chochote.

Kijana alivua kila kitu akarudisha tena. Jumatatu alimpigia simu aliyemuuzia prosesa, naye akasema tatizo ni bodi. Aliyeuza bodi akasema tatizo ni prosesa. Kila mmoja alitaka kipande chake kirudishwe Dar es Salaam kikapimwe, na gharama ya kukisafirisha ni ya mnunuzi. Siku sita zilipita hivyo. Mama huyo, anayeheshimika kwa ukimya wake, hakumlaumu mwanawe, ila alihamisha kasha lile kutoka sebuleni na kulitia chumbani, wageni wasiulize. Yule mzee mdhamini alikwenda kuuliza mara mbili.

Fundi mmoja wa Moshi ndiye aliyegundua. Bodi ilikuwa imekaa ghalani tangu kabla prosesa ile haijabuniwa, na programu ndogo iliyo ndani ya bodi, inayoiamsha mashine, haikuitambua. Zipo bodi zinazoweza kupewa programu mpya bila ya prosesa yoyote. Hii haikuwa mojawapo. Fundi alikuwa na prosesa ya zamani ya soketi ile ile. Aliifunga, akaiwekea bodi programu mpya kwa flashi, akarudisha prosesa ya kijana, na mashine ikawaka kabla chai haijapoa. Hakuna muuzaji aliyekuwa amedanganya. Bodi ilikuwa nzima na prosesa ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyewajibika kwa vyote viwili, na hilo ndilo hasa ambalo mnunuzi wa mashine iliyo tayari hulilipia. Swali la mzee lilikuwa limepata jibu lake.

Laiti habari ingeishia hapo, ushauri ungekuwa mwepesi: mwanachama asiunde, anunue. Lakini mwezi wa Aprili 2024, katikati ya masika, radi ilipiga karibu na transfoma ya kijiji. Pawasaplai ya kompyuta ile ya nyumbani iliungua, na ile ya kompyuta ya ofisi ya chama cha msingi iliungua pia. Ile ya nyumbani ilikuwa ya kipimo cha ATX, kwa hiyo kijana alipanda gari kwenda Moshi, akanunua nyingine katika duka la kwanza aliloingia, na jioni mashine ilikuwa inafanya kazi. Ile ya ofisi ilikuwa imenunuliwa tayari, ya kampuni kubwa yenye sifa, nyembamba na nzuri ya kutazama. Pawasaplai yake ilikuwa na umbo lake pekee, na plagi ya kuingia kwenye bodi haikufanana na ya kawaida. Waranti ilikuwa imekwisha zamani. Kipuri kiliagizwa, kikachukua wiki tano, na kwa muda huo wote katibu aliandika kwa mkono akisubiri. Makampuni makubwa hufanya hivyo mara nyingi katika mashine zao ndogo za ofisi, na mnunuzi hana budi kuuliza kabla ya kulipa: kitu hiki kikiungua, nitapata wapi kingine?

Basi kamati ifuate njia gani? Mwanachama asiye na mtu nyumbani anayeelewa kazi hii, na asiye na fundi wa karibu anayeaminika, anunue iliyo tayari, na wala asione haya mbele ya vijana. Mwenye kijana anayeelewa anaweza kuunda, kwa masharti ambayo SACCOS hiyo iliyaweka baada ya mkasa wa zile siku sita. Vipande vyote vitoke kwa muuzaji mmoja, hata kama kimoja au viwili vitakuwa ghali kidogo, na muuzaji huyo aviunganishe au angalau aviwashe mbele ya mnunuzi kabla havijatoka dukani. Profoma iwe moja. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji, isipitie mkononi mwa mwanachama. Risiti ya EFD itunzwe pamoja na maboksi, kwani wapo wauzaji wanaokataa waranti bila ya boksi. Na kwa kuwa mkopo umedhaminiwa, katibu aandike namba ya kila kipande katika faili la mkopo. Kasha pekee si kitu, mtu anaweza kubadilisha yote yaliyomo ndani bila ya jirani kujua.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo inayotumiwa na wengi zaidi: kompyuta za mtumba, zilizotumika katika ofisi za nje na kuletwa huku. Nyingi ni imara, na bei yake ni nafuu. Lakini mambo mawili yaangaliwe. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina kiswichi kidogo chekundu nyuma, chenye namba 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230 bila ya kiswichi kusogezwa, hutoa mlio mmoja na moshi, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza na ya mwisho. Jambo la pili ni Windows. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali mashine yoyote tu. Hutaka kinga iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel hutaka, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zinaondoa mashine ambazo haziwezi kuvuka hapo, na mashine hizo ndizo zitakazojaa sokoni kwa bei ya kuvutia. Anayejua kutumia Linux, ambayo hailipiwi, anaweza kuzinunua bila ya hofu. Asiyejua na aulize kizazi cha prosesa kwanza, kisha ndipo aulize bei.

Kompyuta ya mapajani haiundwi nyumbani, kwa hiyo haimo katika mabishano haya. Itoshe kusema kwamba ina betri yake, hutumia umeme kidogo, na katika kijiji ambacho umeme hukatika kila jioni huenda ikawa jibu bora kuliko yote yaliyotangulia, ingawa ikivunjika skrini hasara yake ni kubwa.

Hali ya soko nayo imebadilika tangu mwaka 2021, na kamati isitumie hesabu za zamani. Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda kwa kasi duniani. Kumbukumbu karibu zote hutoka kwa makampuni matatu, Samsung, SK Hynix na Micron, nayo yameelekeza nguvu zao kwenye vituo vikubwa vya kompyuta vya akili bandia, ambavyo hununua kwa wingi na kwa bei ya juu. Mwezi wa Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo waundaji wa nyumbani walilizoea kwa miaka mingi. Maana yake kwa mwanachama ni kwamba kipande kilichokuwa cha bei ndogo katika orodha kinaweza kuwa kikubwa kuliko prosesa, ilhali mashine iliyo tayari, iliyokaa dukani tangu kabla ya mabadiliko hayo, huenda bado inauzwa kwa bei ya zamani. Profoma ya vipande iliyokaa miezi mitatu bila kujadiliwa irudishwe kwa mwombaji akailete upya. Tena aangalie aina: bodi mpya za AMD za soketi ya AM5, zilizoanza mwaka 2022, hukubali DDR5 tu, na kijiti cha DDR4 hakiingii humo hata kikilazimishwa, kwa kuwa mkato wake uko mahali pengine.

Neno moja la kando kwa watunza hazina na makatibu. Kompyuta ya nyumbani, iwe imenunuliwa au imeundwa, si mahali pa kuweka daftari la wanachama. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, chama hubeba wajibu wa kisheria kwa majina, namba za simu na akiba za watu inaowahifadhia habari. Mama tuliyemtaja aliulizwa jambo hilo na kamati siku ya kwanza kabisa, akajibu kwamba vitabu vya chama vitabaki ofisini, na vimebaki ofisini.

Mkopo wake ulimalizika kulipwa mwezi wa Agosti 2023, mwezi mmoja kabla ya muda, kutokana na malipo ya kahawa. Wadhamini wote wawili walitia saini faili lifungwe. Mwaka huo huo, bei zikiwa bado za chini, kijana aliongeza kijiti cha pili cha kumbukumbu katika nafasi aliyokuwa ameiacha wazi, na mashine ingali sebuleni, imefunikwa kitambaa. Yule mzee wa kijiji jirani sasa ameleta ombi lake mwenyewe, kwa ajili ya mjukuu aliyefika chuo, pamoja na nakala ya orodha ile ya mwaka 2021. Kamati imemrudishia karatasi, ikamwomba alete bei za mwezi huu, kutoka duka moja.